Gari Lililoinama Nyuma

Jambo la kwanza Kabula aliloliona ni kwamba gari lilikuwa limeinama nyuma. Ilikuwa asubuhi, ametoka jikoni kuchomoa waya wa chaji dirishani kama alivyoelekezwa, na gari lilikuwa tupu. Milango yote imefungwa. Kwenye buti hamkuwa na kitu zaidi ya tairi la akiba na chupa ya maji. Hata hivyo lilikuwa limekalia magurudumu ya nyuma kama gari lililopakia bibi harusi na wapambe wake wote. Kabula akakunja waya, akautundika kwenye msumari wake, akaendelea kufagia ua aliokuwa ameshaufagia.

Hakumwambia mtu. Hakuwa mtu wa kusema mambo, na hili halikuwa la kwanza kulinyamazia.

Aliishi Kanyenye, Tabora mjini, kwa mama yake mdogo Advera, tangu alipoletwa kutoka Goweko akiwa darasa la tano. Mama mdogo alikwenda mwenyewe kumchukua. Alimwambia dada yake kwamba mtoto atamalizia masomo mjini, na kila likizo atarudi nyumbani. Shule ilicheleweshwa kwanza na uhamisho, halafu na sare, halafu na mtoto mchanga aliyehitaji mtu wa kumshika. Mtoto huyo mchanga sasa alikuwa anasoma bweni. Na kwa kuwa Kabula hakuanza shule, likizo haikuwahi kufika. Alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, mwenye kifua na mikono ya kazi, na Goweko alikuwa hajaikanyaga tena, ingawa treni ya kwenda huko aliisikia ikipiga honi kila ilipopita.

Mama yake alipopiga simu, alipiga kwa simu ya mama mdogo, na mama mdogo aliiweka mezani kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Shule inaendaje?" mama aliuliza.

"Anaendelea vizuri, dada," mama mdogo alijibu.

Kabula alisema shikamoo tu, halafu akarudi kwenye vyombo.

Zamani nyumba ile ilikuwa na pikapu ya dizeli. Baba mdogo Eustace, mume wa Advera, alifanya biashara ya asali, na walipokwenda porini Kabula alipanda nyuma pamoja na ndoo. Pikapu ile ilinguruma kama mashine ya kusaga. Chini ya ngurumo hiyo Kabula alisema kila kitu. Alisema jina la mwalimu wake wa Goweko, alisema jedwali la saba mpaka pale alipoishia, alisema yote aliyotaka kumwambia mama yake. Upepo uliyachukua, hakuna aliyesikia, naye alishuka akiwa mwepesi kwa wiki nzima.

Kisha pikapu ikauzwa, na kutoka Japani kupitia bandari ya Dar likaja gari jeupe linalotumia umeme na mafuta. Ukilichomeka kwenye soketi ya jikoni jioni, asubuhi linatembea kwa umeme bila mlio wowote, na umeme ukiisha injini ya mafuta inaamka yenyewe. Baba mdogo alipenda kulieleza kila apatapo msikilizaji. Mzee Fakhrudin, mwenye duka la vifaa vya umeme upande wa pili wa barabara, ndiye aliyemuuzia waya mnene wa kupitishia dirishani.

"Bwana Eustace, hili ni gari au ni friji?"

"Friji yako inafika Sikonge?"

"Haifiki, lakini hainywi LUKU yote ya nyumba. Jana nimemsikia mama watoto anakulilia pasi haipati moto."

"Pasi itasubiri. Sikiliza, mzee wangu. Ukikanyaga breki, umeme unarudi. Ukiteremka mlima, umeme unarudi. Hapa kwenye kioo kuna mishale inakuonyesha unavyorudi. Wewe ulishaona wapi kitu kinachotumika halafu kinarudi?"

"Mke wangu aliwahi kurudi," alisema Mzee Fakhrudin, na wote wawili wakacheka.

Kasoro ndogo zilikuwepo, na baba mdogo hakuzificha. Gari liko chini, kila tuta linaligusa tumbo. Kuku hawalisikii likija. Likiwashwa, mwanamke wa Kijapani anasema maneno marefu kutoka redioni, na hakuna fundi wa Tabora aliyeweza kumnyamazisha. Na siku hizi, alisema, linalia kengele ya mikanda ya viti vya nyuma hata akiwa peke yake ndani.

Kabula alimsikia akisema hivyo, akatazama chini.

Alipata jibu jioni moja alipokwenda kuchomeka waya. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kwenye kiti alikaa mwanamume aliyevaa kaniki iliyofifia, akikanda unyayo wake kwa dole gumba. Begani alikuwa na pembe ya ndovu ndefu iliyotokeza nje kupitia dirishani, na kwenye ncha ya pembe imefungwa njuga ya ng'ombe. Nyuma yake walikaa wengine, na nyuma ya hao wengine tena. Gari lilikuwa la watu watano lakini wao walienea. Wote walikuwa na mizigo mabegani, hata waliosinzia.

Kabula alilelewa Goweko. Huko mtu akifika na mzigo humuulizi kwanza ametoka wapi. Unamwambia pole na safari, unanyoosha mikono, unampokea.

"Shikamooni," alisema. "Poleni na safari. Niwapokee mizigo."

"Marahaba," walijibu, na yule wa mbele, aliyekuwa kirangozi wao, yaani mtangulizi wa msafara, akainamisha bega.

Pembe ilikuwa nzito kuliko debe la maji. Kabula akaiegemeza kwenye simtanki. Alipomaliza kuwapokea wote, ua ulikuwa umejaa pembe, marobota na majora ya kitambaa, na watu wale walikuwa wanajinyoosha migongo mmoja baada ya mwingine kwa mlio wa kuni kavu.

Mama mdogo alitoka na mwiko mkononi.

"Kabula! Nani kakutuma upokee mizigo ya watu?"

"Walikuwa wamechoka, mamdogo."

"Wamechoka! Ulipaswa kuniita kwanza. Mtu ukishampokea mzigo ni mgeni wako, utamfukuzaje? Haya, nenda kaongeze unga. Na hiyo pembe iondoe hapo, itanikwaruzia tanki."

Wakati wa kula kirangozi alieleza mambo yao kwa ufupi, maana alikuwa na njaa. Walikuwa wapagazi. Walichukua mizigo kutoka Unyanyembe kwenda pwani, wakiwa wameahidiwa nguo watakaporudi. Baadhi walikufa kwa kiu Ugogo, baadhi kwa ndui, yeye mwenyewe kwa jeraha la mguu lililokataa kupona. Tangu hapo walikuwa wanarudi. Tatizo lilikuwa magari. Magari yanaguruma, na mpagazi asiposikia njuga ya kirangozi wake hajui aelekee wapi, anasimama tu kando ya njia. Ndipo pale Kwihara likaja gari hili kwa nyuma, polepole, kimya kama mtu anayetembea. Wakapanda.

"Mnakwenda wapi hasa?" aliuliza baba mdogo.

"Makwetu. Mimi Lusu. Wale pale ni wa Ipole. Huyu ni wa Goweko."

Kabula aliyekuwa anagawa mboga aliposikia Goweko akamwongezea yule mtu kijiko cha pili.

Asubuhi baba mdogo aliwasha gari. Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, na kirangozi akamjibu kwa heshima, kwa salamu ya asubuhi ya kwao, "Mwangaluka." Baada ya hapo alikuwa akimjibu kila siku, na baba mdogo akaacha kumtafutia fundi.

"Mimi sina neno na abiria," baba mdogo alimwambia Mzee Fakhrudin. "Tatizo ni uzito. Chaji iliyokuwa inanifikisha mbali sasa inaishia hapo kwenye lami."

"Si washuke watembee?" alisema Mzee Fakhrudin. "Kazi yao si ndiyo hiyo?"

Baba mdogo alilifikiria jambo hilo akiwa amesimama katikati ya barabara, mpaka mwendesha baiskeli akamfokea.

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari ya asali. Gari lilikwenda Ipole kwa umeme, likiwa tupu na jepesi, na wapagazi wakatembea nyuma kwa mstari mmoja. Mwendo wa gari haukuwasumbua, walikuwa wameshatembea mwendo mrefu kuliko huo. Kurudi, kila mmoja alikuwa na ndoo ya asali begani, na gari likiwa tupu vilevile. Watu waliokuwa wanaanika tumbaku kando ya njia waliwapungia mikono. Wanawake waliwapa maji. Wale wa Ipole walifika Ipole kila wiki, lakini walifika kazini. Waliwaona wajukuu wa vitukuu vyao wakirina asali, wakasalimiana, wakapokea ndoo, wakageuka na wenzao.

Baba mdogo alisahau njia ya kwenda kituo cha mafuta. Alisema hajawahi kuwa na gari zuri namna hii.

Wapagazi hawakulala. Usiku kucha waliingia garini na kutoka, wakajaribu mizigo yao bega hili na bega lile, na milango ikasikika ikifunguka na kufungwa kwa upole. Kabula naye hakutulia. Tangu pikapu iondoke hakuwa na mahali pa kusemea, na maneno yalikuwa yamemjaa hadi kooni. Alifua nguo safi. Alihamisha masufuria kutoka rafu ya juu kwenda ya chini, akayarudisha. Akikaa kitako, goti lake lilicheza lenyewe mpaka mama mdogo akamwuliza kama anashona cherehani.

Jumamosi moja, baada ya sala za jumuiya, kirangozi alimfuata mama mdogo barazani. Wenzake walisimama nyuma yake.

"Mama, tunashukuru kwa chakula. Tunataka kujua ni lini tutafika makwetu."

Mama mdogo akaweka kitabu cha sala mezani. Akaushika mkono wa kirangozi kwa mikono yake yote miwili.

"Msimu ukiisha," alisema. "Msimu ukiisha tu, kila mmoja nitampeleka kwao. Mimi mwenyewe."

Aliyasema kwa sauti laini, na macho yake yakalowa kidogo, maana mama mdogo alikuwa akiamini kila alichoahidi kwa muda wote aliokuwa akikisema. Kabula alikuwa anachuja asali upande wa pili wa dirisha. Aliijua sauti ile. Aliijua hata ile mikono miwili. Hivyo hivyo ndivyo ulivyoshikwa mkono wa mama yake kule Goweko, na maneno yaliishia hapo hapo: mimi mwenyewe. Kitambaa cha kuchujia kikamponyoka kikazama ndani ya ndoo.

Kirangozi alikuja jikoni kuosha mikono.

"Na wewe uliambiwa nini?" alimwuliza Kabula.

Kabula akatazama sinki.

"Basi," alisema kirangozi, akajifuta mikono kwenye kaniki yake. "Kumbe ahadi hiyo unaijua."

Msimu mdogo wa asali ulipoisha, msimu mkubwa ulikuwa umekaribia, na haikuonekana busara kuwatawanya watu kwa muda mfupi hivyo.

Kazi zikazidi. Kuchuja, kufungasha, kupikia watu wote wale. Mama mdogo akasema Kabula anahitaji msaidizi, na alisema hivyo kama mtu anayemwonea huruma.

"Mdogo wako Ngollo yuko darasa la ngapi sasa?"

"La tano," alisema Kabula.

"Darasa zuri hilo la kuhamia. Atamalizia huku mjini. Jumamosi tunakwenda Goweko. Na wewe utakuja, umwone mama yako. Unaona? Nilisema utarudi."

Kabula alikuwa ameingoja safari ya Goweko kwa miaka mingi kiasi kwamba ilipokuja hakujua aishike wapi. Ijumaa jioni alipeleka waya hadi kwenye gari, akauchomeka, akaingia ndani, akatoka, akauchomoa. Aliuacha umelala chini kwenye vumbi. Gari lisipopata chaji, aliwaza, litakwenda kwa mafuta, na kwenye mlio wa injini ataweza kufungua mdomo. Huenda akaanza kwa kusema chini ya mlio kama zamani, na mama yake akiwa karibu na dirisha akadaka neno moja au mawili. Hayo mawili yangetosha.

Asubuhi betri ilikuwa imejaa.

"Niliona umesahau," kirangozi alimwambia. "Nikauchomeka. Tumezoea kukuona unavyofanya. Mwenzetu wa Goweko hakutaka tuchelewe."

"Asante," alisema Kabula.

Walikwenda kwa umeme. Baba mdogo aliendesha, mama mdogo kando yake, Kabula nyuma peke yake. Kirangozi alitangulia mbele ya gari na njuga yake, wenzake wakafuata nyuma na ndoo tupu za kuchukulia karanga. Kabula aliikodolea macho picha ya betri pale kwenye kioo. Ilikuwa ikishuka kidogo kidogo, naye akawa anaisukuma kwa macho ishuke zaidi. Lakini kila penye mteremko mishale iligeuka na umeme ukarudi, na baba mdogo kila mara akasema, "Unaona? Unarudi." Injini haikuamka. Wakafika Goweko kimya, na kuku wa mama yake hawakuinua hata vichwa.

Mama alitoka mbio nyuma ya nyumba, khanga imelegea. Jina lake Josepha, lakini pale kijijini wote walimwita mama Kabula, hata miaka yote hiyo ambayo Kabula hakuwepo. Alimpokea mama mdogo mkoba wake. Alimpokea baba mdogo mfuko wa sukari. Akamwona kirangozi, akasema shikamoo mzee, poleni na safari, akampokea ndoo, na akawapokea wapagazi wote ndoo zao mmoja mmoja bila kumruka mtu. Mwisho akamgeukia Kabula akiwa amenyoosha mikono. Kabula hakuwa ameshika kitu. Mikono ya mama ilikaa hivyo kwa kitambo kidogo, halafu akaifuta kwenye khanga na kumkumbatia.

"Umekua," alisema. "Umekuwa kama mwalimu."

Walikula wali na kuku. Mama mdogo alisimulia habari za mjini, na kila mama alipomwuliza Kabula swali, mama mdogo alilijibu vizuri na kwa kirefu. Ngollo alikuwa ameshavaa sweta lake la shule, ingawa jua lilikuwa kali, na alikuwa akichungulia gari mara kwa mara kama mtu anayehofia litaondoka bila yeye.

Mpagazi wa Goweko alikwenda kutafuta kwao, nyuma ya kituo cha treni. Akarudi mapema.

"Umepaona?" kirangozi alimwuliza.

"Nimepaona. Kuna bani la kukaushia tumbaku. Niliowakuta hapo ni watu wema, wamenipa maji, wakaniuliza natafuta nani." Akakaa juu ya jiwe. "Sikujua nimtaje nani."

Mama akampa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye sahani. Akala, akainuka, akachukua ndoo yake iliyokuwa imeshajazwa karanga, akasimama mahali pake kwenye mstari.

Alasiri ilipofika, mfuko wa Ngollo ukawekwa kwenye buti. Mama mdogo aliushika mkono wa dada yake kwa mikono miwili, akasema maneno yake, macho yakamlowa. Ngollo akapanda nyuma, akakaa karibu na Kabula mpaka wakagusana mabega. Alinuka sabuni. Baba mdogo akabonyeza kitufe. Mwanamke wa Kijapani akasema, kirangozi akamjibu, halafu hapakusikika kitu tena. Gari lilikuwa limewaka, na Kabula aliweza kusikia mama yake akipumua kando ya dirisha.

"Kabula mwanangu," mama alisema, "wewe umeshazizoea shule za huko. Mwangalie mwenzako. Hesabu zinamtisha kidogo."

Kabula alisubiri injini. Alisubiri mlio wowote, hata wa treni. Goti lake likaanza kucheza, likaligusa goti la Ngollo, na goti la Ngollo nalo likaanza.

Kilichofuata hakikubadilisha safari. Mama mdogo alisema Kabula ana malaria, ndiyo maana anapayuka. Baba mdogo aliondoa mguu kwenye breki, na gari lile huondoka bila kutoa taarifa. Mama alikuwa ameushika mlango, mkono ukabaki hewani. Kirangozi alisikia vizuri sana. Alihamishia ndoo bega la pili, akapiga njuga, akatangulia. Ngollo alilala Tabora, na siku iliyofuata akaonyeshwa msumari wa kutundikia waya. Mama amepiga simu mara nyingi tangu hapo, na simu ni ya mama mdogo. Wapagazi bado wako Kanyenye, kwa kuwa msimu haujaisha, na ukipita pale asubuhi utaliona gari limeinama nyuma. Baba mdogo akiulizwa husema kwamba kwa matumizi ya kawaida hajaona gari la kulishinda.

Lakini siku ile, mbele ya nyumba ya mama yake, ndani ya ukimya usiomficha mtu yeyote, Kabula alifungua mdomo, na walisikia wote, mpaka mpagazi wa mwisho kwenye mstari.

"Mama, mimi shule sikupelekwa. Mshushe Ngollo."